Simu ya Mtumba Haishiki Mtandao: Dalili, Sababu na Tiba kwa Wenye Laini za Vocha Tanga

Simu nyingi zinazouzwa kwenye meza na maduka ya Ngamiani zimeshaishi kwingine. Zimetoka Marekani, Japani, Korea, Ulaya au Dubai, zikafunguliwa zipokee laini yoyote, na nyingine zina umri wa miaka 8 au 10. Huku hakuna mkataba wa miaka 2 na kampuni ya simu: unanunua simu yako, unasajili laini kwa kidole, unakwangua vocha, basi. Raha yake ni kwamba hudaiwi na mtu. Karaha yake huja simu inapogoma: muuzaji anasema ni mtandao, mtandao wanasema ni simu, fundi anasema ni laini, na wewe umebaki katikati.

Hapa yamekusanywa malalamiko yanayojirudia zaidi. Chini ya kila dalili, sababu ya kawaida imetangulia na ya nadra imefuata. Anza juu, shuka pole pole. Anayerukia kuflash simu (kuiwekea programu upya) kabla ya kuipangusa laini huishia kulipa mara mbili.

Kwanza kabisa: jaribio la laini mbili

Linachukua dakika 5 na halina gharama. Zima simu, toa laini yako, iweke kwenye simu nyingine inayofanya kazi, hata kiswaswadu. Kisha chukua laini ya mtu mwingine ya mtandao uleule, iweke kwenye simu yako.

Laini yako ikigoma na kwenye simu ya pili, tatizo ni laini. Simu haina kosa. Laini yako ikikubali kule, na ya mwenzako ikagoma kwako, tatizo ni simu. Zote zikikubali kote, basi ilikuwa vumbi au laini haikukaa sawa kwenye trei, au mnara ulikuwa na shida na umerudi.

Rudia mara moja zaidi kwa laini ya mtandao tofauti. Simu inayokubali mtandao mmoja na kukataa mwingine mahali palepale kwa kawaida ina suala la masafa, yaani haipokei mawimbi ya redio yanayotumiwa na mtandao ule, au mnara wa mtandao ule haufiki pale. Jibu hili peke yake huokoa fedha nyingi, kwa sababu hakuna fundi wa kuongeza masafa kwenye simu.

Tahadhari: laini yenye pesa usimwachie fundi. Mpe simu, ondoka na laini yako. Akihitaji ya kujaribia, anayo yake.

"Hakuna huduma" au "Dharura tu"

*Laini yenyewe.* Itoe, iangalie mahali penye mwanga. Madoa ya kijani au meusi kwenye shaba ni kutu, na hewa ya bahari yetu haina huruma nayo. Futa kwa kitambaa kikavu au kifutio laini cha penseli, usikwangue kwa kisu. Angalia pia kama ilikatwa kwa mkasi. Laini kubwa za zamani zina unene wa milimita 0.76, ndogo kabisa ya nano ina 0.67. Ukiikata ya zamani ili ienee kwenye trei ya nano, urefu na upana unaweza kupatikana lakini unene unabaki. Inaingia kwa kusukumwa, na siku ya kuitoa inapinda vijino vya ndani. Adapta za plastiki ni mbaya zaidi: laini ikichomoka humo ndani, fremu hunasa vijino na kuvivunja. Nenda duka la mtandao wako na kitambulisho cha NIDA, renew laini, upewe ya saizi yako.

*Usajili.* Tangu Januari 20, 2020 laini isiyosajiliwa kwa alama ya kidole na namba ya NIDA huzimwa. Piga *106# uone laini yako imesajiliwa kwa jina gani. Ikiwa ni ya marehemu, ya shemeji aliyehama, au ya muuzaji aliyekupa simu "na laini yake", usijenge nyumba juu yake. Siku ikipotea huwezi kuirudisha. Laini iliyolala miezi mingi bila kuongezwa salio nayo hufungwa, na namba inaweza kupewa mtu mwingine.

*PIN na PUK.* Ukikosea PIN ya laini mara 3 simu itadai PUK, namba ya kuifungulia laini. Ukikosea PUK mara 10 laini imekufa, haifufuki. Usibahatishe: PUK imeandikwa kwenye kadi kubwa uliyopewa laini ikiwa mpya, la sivyo piga 100 kwa simu nyingine ya mtandao huohuo.

*Mipangilio.* Washa hali ya ndege, hesabu hadi 30, zima. Ikishindikana, ingia kwenye mitandao ya simu, ondoa uchaguzi wa kujiendesha, tafuta mitandao yote, chagua wako kwa mkono. Orodha ikitokea lakini simu ikakataliwa kujisajili kwenye kila mtandao, nenda chini kwenye IMEI, namba ya utambulisho wa simu. Orodha ikija tupu, nenda kwenye masafa na antena.

*IMEI.* Piga *#06#. Zitatokea tarakimu 15. Simu ya laini mbili huonyesha IMEI mbili. Zitume zote kwa SMS kwenda 15090 bila nafasi wala alama katikati. Jibu linataja kampuni na modeli ya simu. Hapa ndipo uongo unapoumbuka: mkononi una Samsung, jibu linataja simu ya kampuni nyingine ya bei ya chini. Maana yake simu ni bandia au imebadilishwa IMEI. Mamlaka ya mawasiliano, TCRA, ilizima simu bandia Juni 2016, na mfumo ule bado upo.

Ikiwa *#06# inaleta sifuri tupu au neno "null", simu iliflashiwa programu isiyo yake na kumbukumbu inayotunza IMEI ikafutika. Fundi mwenye nakala ya asili ya simu hiyohiyo anaweza kuirudisha. Fundi anayekuambia "nitakuwekea IMEI nyingine" mkimbie: Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010 inalifanya hilo kuwa kosa la jinai, na mwenye simu utakuwa wewe.

*Masafa.* Huku 2G iko kwenye megahezi 900 na 1800, 3G kwenye 900 na 2100, na 4G kwenye 800 (bendi 20), 1800 (bendi 3), 700 (bendi 28) na 2300 (bendi 40), kutegemea mtandao na eneo. Simu iliyotengenezwa kwa kampuni moja ya nje inaweza kukosa nusu ya hizo. Mfano mzuri ni iPhone 5 yenye namba A1428 mgongoni. 4G yake ni bendi 4 na 17 tu, za Amerika. Itapiga, itapokea, itafungua kurasa kwa 3G, lakini 4G ya Tanzania hutaiona hata ukisimama chini ya mnara. iPhone 5 ya A1429, ambayo kwa macho haina tofauti, ina bendi 3.

Kwa Samsung soma herufi ya mwisho ya modeli. F ni ya kimataifa na mara nyingi ndiyo inayotufaa. A, T, V na P ni za kampuni za Marekani, U ni ya Marekani kwa kampuni zote, S, K na L ni za kampuni 3 za Korea, na N ni ya Korea kwa jumla. Namba za aina ya SC-02 na SCV ni za Japani. Hazifai kukataliwa moja kwa moja. Chukua namba kamili ya modeli, itafute kwenye tovuti ya GSMArena, linganisha bendi kabla pesa haijatoka mfukoni.

*Antena.* Swali la kujiuliza: mtandao ulipotea lini? Kama ni siku ulipobadili kioo au betri, jibu umelipata. Ndani ya simu nyingi kuna waya mwembamba kama uzi wa sindano unaounganisha bodi na antena. Fundi mwenye haraka huusahau, au huubana na skrubu. Mrudie aliyefungua.

Kupima: kwenye Android nyingi piga *#*#4636#*#*, kwenye Samsung *#0011#, kwenye iPhone *3001#12345#* kisha bonyeza kupiga. Tafuta namba yenye alama ya kutoa na dBm, kipimo cha nguvu ya mawimbi. Kwa 4G, -80 ni nzuri sana, -100 ni wastani, -115 ni hoi. Weka simu nyingine ya mtandao huohuo kando yake, mezani, na zote ziwe kwenye 4G. Yako ikiwa chini kwa 15 au zaidi, antena ina hitilafu. Zikilingana, tatizo ni mahali ulipo. Nyumba za mawe karibu na bandari zina kuta nene. 4G ya 1800 huachwa mlangoni, ya 800 huingia. Milimani kuelekea Amani kona moja ya barabara ina mtandao na inayofuata haina, na hilo si la simu.

*Bodi.* iPhone 7 za A1660, A1780 na A1779 zina ugonjwa unaojulikana. Apple wenyewe walikiri mwaka 2018 kwamba baadhi yake huonyesha "No Service" kwa sababu ya kifaa kilichoharibika kwenye bodi. Nenda kwenye maelezo ya simu: mstari wa programu ya modemu ukiwa mtupu, acha hapohapo. Kuanzia hapo ni kazi ya fundi mwenye mashine ya hewa ya moto na darubini.

"SIM Not Supported", "SIM Not Valid" au inadai namba ya kufungulia mtandao

Simu haijafunguliwa, au ilifunguliwa kwa ujanja na ujanja umekwisha.

Kuna kufuli 3 ambazo wauzaji huzichanganya, wengine kwa makusudi. Ya kwanza ni ya mtandao: simu inakubali laini ya kampuni iliyoiuza tu. Ya pili ni ya akaunti, yaani iCloud au Google ya mwenye nayo wa zamani. Ya tatu ni namba ya siri ya skrini. "Simu iko wazi" inaweza kumaanisha ya tatu tu. Uliza kwa jina: inashika laini yoyote? Imetolewa iCloud?

Kwenye iPhone yenye iOS 14 au zaidi ingia mipangilio ya jumla, kuhusu simu, tafuta mstari wa kufuli ya mtandao. Ikiandikwa kwamba hakuna vizuizi vya SIM, iko wazi kweli. Ikiandikwa imefungwa na bado inashika laini yako, vuta trei uangalie: utakuta kikaratasi chembamba chenye shaba kimelala juu ya laini. Hiyo ni R-SIM, chipu inayoidanganya simu. Inafanya kazi hadi siku utakapoiongezea toleo jipya la iOS au kuifuta. Zaidi ya hapo, wengi wanaoitumia hulalamika kwamba menyu za pesa hukataa kufunguka. Kama bei ilikuwa ya simu iliyo wazi, irudishe ulikoinunua.

Android inayodai namba ya kufungulia, usijaribu namba za kubuni. Idadi ya majaribio ina kikomo, na ukikimaliza simu inaweza kukataa hata namba sahihi. Namba halali hutoka kwa kampuni iliyoiuza simu huko nje, kwa IMEI yako. Simu yenye deni hukataliwa.

Samsung zilizotoka Ulaya au Ghuba kuanzia 2013 zina kituko chao. Nyingine zina stika kwenye boksi inayosema laini ya kwanza iwe ya eneo lile. Zinahitaji laini ya huko ipige jumla ya dakika 5 ndipo zikubali laini za kwingine. Kama iliuzwa kwenye boksi lake haijawahi kuwashwa, mwambie aliyekuletea kutoka Dubai aifanye hiyo kazi kabla ya kupanda ndege.

Kufuli ya iCloud haina fundi. Anayedai anaifungua anauza njia ya kuipita kwa muda, ambayo mara nyingi hukata hata uwezo wa kupiga. Simu ya namna hiyo rudisha, na ukihisi ni ya wizi usiinunue kabisa.

Inapiga vizuri, intaneti hakuna

Angalia bando kwanza. Usicheke, ndiyo sababu namba moja: bando la siku limekwisha saa 6 usiku, salio ni sifuri. Piga *102# kwa salio.

Pili, APN, yaani jina la mlango wa intaneti wa mtandao wako. Simu iliyotoka nje hubeba APN ya kampuni yake ya zamani. Fungua ukurasa wa APN chini ya mitandao ya simu, ongeza mpya: jina lolote, na kwenye nafasi ya APN andika neno unalopewa na mtandao wako, kwa mitandao kadhaa ya hapa ni "internet" tu, herufi ndogo, bila nafasi mwishoni. Jina la mtumiaji na nywila acha tupu. Hifadhi, ichague, washa hali ya ndege na kuizima. Ile nafasi moja inayojiongeza yenyewe baada ya neno, kibodi inapobashiri, imewatesa wengi. Futa hadi kishale kigote herufi ya mwisho.

Kwenye iPhone ukurasa huo wakati mwingine haupo kabisa. Tafuta kwenye mipangilio ya VPN na usimamizi wa kifaa kama kuna wasifu wa kampuni ya zamani, ufute, kisha rejesha mipangilio ya mtandao. Kumbuka hatua hiyo inafuta nywila zote za Wi-Fi ulizohifadhi.

Tatu, laini ya zamani. Inayoonyesha E (intaneti ya 2G) au 3G siku zote wakati simu ina bendi sahihi inaweza kuwa ya kizazi cha kabla ya 4G. Renew.

Nne, tundu la laini. Simu za laini mbili za zamani mara nyingi zina tundu moja la kasi na jingine la 2G tu. Ukiweka ya bando kwenye la pili utapata E hadi uchoke. Zibadilishane nafasi.

Watu wanasema hupatikani, na mtandao umejaa

Karibu kila mara chanzo ni mtu aliyepiga *#*#4636#*#* akachagua "LTE only" (4G pekee) ili bando liende kasi. Bando linaenda kasi, ndiyo. Lakini simu nyingi za mtumba hazina sauti ya 4G kwa mitandao ya hapa, kwa hiyo simu ikiingia lazima zishuke 3G au 2G ndipo ziite. Umezikataza kushuka, haziiti. Rudisha kwenye chaguo lenye LTE, WCDMA na GSM pamoja, yaani 4G, 3G na 2G.

Ikiwa si hilo, angalia kama simu zako zimeelekezwa kwingine. Piga *#21# uone. ##002# hufuta maelekezo yote. Ukikuta namba usiyoijua, futa, kisha badilisha PIN ya huduma ya pesa siku hiyohiyo, maana aliyeelekeza simu zako alikuwa na sababu yake. Baada ya hapo angalia hali ya usinisumbue na orodha ya namba ulizozuia.

Menyu ya pesa haifunguki

Unapiga *150*00# au *150*60#, inazunguka, kisha inaleta "Connection problem or invalid MMI code".

Hii ni ndugu wa dalili iliyotangulia. Menyu za nyota na reli kwa kawaida hazipiti kwenye data, hupita kwenye njia ya simu, 2G au 3G. "LTE only" huziua. Sababu ya pili ni simu ya laini mbili iliyopiga kwa laini isiyo ya huduma hiyo. Weka simu ikuulize kila mara. Ya tatu ni R-SIM. Mtandao nao huzidiwa, hasa mwisho wa mwezi mishahara ikitoka. Subiri dakika 10. Iliyokatika baada ya kuweka PIN usirudie kutuma kabla ya kuangalia salio, kwani muamala wa kwanza unaweza kuwa umepita.

Fundi hahitaji PIN yako kutengeneza menyu. Hahitaji.

Salio linayeyuka

Fanya hivi usiku. Piga *102#, andika kiasi kwenye karatasi, zima data, lala. Asubuhi piga tena kabla hujaiwasha. Salio limepungua? Kuna huduma ya kujiunga inayokata, kama milio au jumbe za kila siku. Piga 100 uombe uondolewe kwenye zote. Halikupungua? Data ndiyo mlaji: programu zinajisasisha nje ya bando. Zima sasisho za kujiendesha, na kwenye iPhone zima pia Usaidizi wa Wi-Fi, ambao huhamia kwenye data kimyakimya Wi-Fi ikidhoofika.

iPhone ina jambo jingine lisilojulikana sana. Ukiwasha iMessage au FaceTime, simu hutuma SMS ya nje ya nchi kujithibitisha, na ikishindwa hujaribu tena. Huna jamaa wa iMessage? Zima zote mbili. Na vocha inayoingia pungufu ni deni la salio ulilokopa wiki jana.

Wa mpakani, Horohoro, Jasini na Moa, wana lao: simu hushika mnara wa Kenya bila kuuliza na salio kukatwa kwa bei ya nje. Chagua mtandao wako kwa mkono na zima data ya ugenini. Ukirudi Tanga mjini rudisha uchaguzi wa kujiendesha, la sivyo simu itakaa bila huduma ukidhani imeharibika.

Inajizima ukipiga simu, na chaji ilikuwa asilimia 30

Betri imezeeka. Kwenye 2G ya 900 simu inaweza kurusha hadi wati 2, kwa vipigo vifupi 217 kila sekunde; ni vilevile vinavyoifanya redio iliyo jirani iseme trrr-trrr kabla simu haijaita. Kila kipigo huvuta umeme mkubwa kwa ghafla. Betri mpya hustahimili. Iliyochoka volti zake huanguka, na simu hujizima ili isiharibu kumbukumbu. Ndiyo maana ukiwa chini ya mnara haijizimi, ukifika shamba Maramba inajizima: mbali na mnara simu hurusha kwa nguvu zaidi.

iPhone 6 na kuendelea zina ukurasa wa afya ya betri; chini ya asilimia 80, badilisha. Kabla ya hapo safisha tundu la chaji, simu ikiwa imezimwa, kwa kijiti cha meno na brashi laini kavu. Usiingize sindano. Pamba ya mfukoni iliyochanganyika na chumvi hutoka kama kijidonge cha kijivu, na waya uliokuwa unacheza hukaa.

ACHA mara moja ukiona kioo kimeinuka pembeni, mgongo umevimba au simu inayumba ikiwekwa mezani. Betri imejaa gesi. Usiichaji, usiibonyeze irudi, usiitoboe, usiitupe kwenye moto wa takataka. Izime, iweke mbali na vitu vinavyoshika moto, umpelekee fundi anayebadili betri kila siku.

WhatsApp imegoma, kurasa zinasema si salama

Anza na tarehe na saa. Simu iliyokaa bila chaji hurudi miaka ya nyuma, na tovuti zote humwona mwenye nayo kama mtu wa jana. Weka ukanda wa GMT+3.

Tarehe ikiwa sawa, ni umri. WhatsApp inataka Android 5.0 au iOS 15.1 na kuendelea. iPhone 5s, 6 na 6 Plus huishia iOS 12, kwa hiyo hazina tiba; 6s, 7 na SE ya kwanza hufika 15. Android iliyo chini ya 7.1.1 haina cheti kinachotumiwa na tovuti nyingi za leo, na onyo la usalama halitakwisha kwenye kivinjari chake. Weka Firefox, hata toleo la nyuma linalokubali simu hiyo, kwa sababu hubeba vyeti vyake yenyewe. Usitafute WhatsApp ya rangi nyingine kwenye vikundi, namba hufungiwa.

Imeanguka baharini

Kwa wavuvi wa Sahare na Deep Sea hii si ajali, ni msimu. Maji ya chumvi hula shaba haraka kuliko ya mvua, na umeme ukiwemo huila mara nyingi zaidi. Zima. Usiijaribu kuona kama inawaka. Usiichaji. Betri ya kutoka itoe, pamoja na laini, kisha suuza simu kwa maji safi ya bomba, kwani chumvi ikikauka ndani inabaki. Mchele hautoi chumvi. Simu isiyofunguka mgongo ipeleke siku hiyohiyo kwa fundi aifungue na kuisafisha bodi kwa spiriti kali na brashi. Iliyokaa siku 3 kwenye gunia la mchele humfikia fundi ikiwa na kijani tayari, na hapo kinachookolewa ni picha tu, zikipatikana.

Mtandao ukipotea ukiwa majini na simu ni kavu, umbali ndio sababu. 4G huondoka mapema. 2G kwa kawaida hukoma kilomita 35 kutoka kwenye mnara hata mawimbi yakiwa mazuri, kwa jinsi mfumo ulivyopimiwa muda. Ukienda mbali, ondoa "LTE only" ukiwa bado pwani.